Kutafuta Hitilafu au Kubadilisha Vipuri? Funzo la Swichi ya Taa za Breki

Limo katika ufundishaji wetu wa masomo ya ufundi na sayansi kosa moja ambalo limezoeleka hata halionekani tena kuwa ni kosa. Kosa hilo ni kumpa mwanafunzi dawa kabla hajaujua ugonjwa. Twamfundisha namna ya kufungua kipuri na kufunga kingine, twampima kwa wepesi wa mikono yake, kisha twamtoa chuoni tukiamini kuwa amekuwa fundi, na kwamba akienda kufundisha atazalisha mafundi. Nia ya makala haya ni kulipinga zoea hilo. Mfano nitakaoutumia ni mdogo na wa kawaida mno: swichi ya taa za breki katika magari ya zamani.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini gari la zamani, na kwa nini swichi? Jibu la kwanza ni kwamba karakana nyingi za mafunzo zingali zinatumia magari ya namna hiyo, ama kwa kuwa yalitolewa zawadi baada ya kuchakaa, ama kwa kuwa hapana fedha za kununua mengine. Jibu la pili ni la maana zaidi. Katika gari la zamani mwanafunzi aweza kuufuata waya kwa jicho na kwa kidole tangu betrini hata kwenye balbu, na kurudi tena betrini. Hakuna sanduku lililofungwa linalofikiri badala yake. Jibu la tatu ni langu binafsi, na sina budi kulieleza kwanza kwa sababu ndilo lililonilazimisha kuandika.

Kisa chenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkufunzi wa ufundi wa magari katika chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa na Land Rover ya Series IIA, gari la aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1961 na 1971. Gari hilo lilikuwa likitumika katika mafunzo na pia katika shughuli za chuo. Taa zake za breki zilikuwa na tabia ya kuwaka siku moja na kukataa siku ya pili. Mwaka uliotangulia swichi ilikuwa imebadilishwa, na taa zikawaka kwa muda. Kwa hiyo zilipozima tena, sikuwa na shaka hata kidogo: swichi imekufa.

Nikaona hiyo ni fursa nzuri ya jaribio la vitendo. Nikaandaa karatasi ya alama yenye jumla ya alama 20, nikaigawa kwa hatua: kuziondoa nyaya kwenye swichi, kuifungua swichi, kufunga mpya bila kuharibu ridhi, kutoa upepo katika breki, na kujaribu. Mwanachuo mmoja akapangiwa kazi hiyo, akapewa swichi mpya na dakika 40.

Kijana yule hakuishika spana. Aliwasha ufunguo wa gari, akaniomba nikanyage breki, akaenda nyuma kutazama. Akarudi, akawasha taa ndogo, akaenda tena nyuma, akasimama kitambo. Kisha akaomba kipande cha waya, akaziunganisha ncha mbili za swichi pasipo kupitia swichi yenyewe. Taa hazikuwaka. Akaipima fyuzi, akaiona nzima. Zilipokuwa zimesalia dakika chache alikuwa amelala chini ya gari upande wa nyuma, akiitikisa boliti moja ya chasisi kwa mkono.

“Mwalimu, swichi haina kosa,” aliniambia. “Hata taa ndogo ni hafifu, na zenyewe hazipiti kwenye swichi hii.”

Muda ukaisha. Nilimpa alama 3. Karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuandika yale aliyoyafanya, na sikuona haja ya kuitilia shaka karatasi niliyoiandika mwenyewe. Alasiri ile fundi wa chuo akafunga swichi mpya. Taa zikawaka. Nakiri kwamba nilifurahi, na nilimwita yule kijana aje aone.

Baada ya wiki sita hivi, gari lile lilikuwa likiteremka mlima wakati wa magharibi. Dereva akakanyaga breki kumpisha mbuzi. Nyuma yake alikuwa kijana mwenye baiskeli iliyopakia magunia ya mkaa, naye hakuona taa yoyote nyekundu ya kumwonya. Alilipiga gari kwa nyuma, akavunjika mfupa wa mtulinga. Namshukuru Mungu kwamba hakufa.

Ndipo tulipoitafuta hitilafu kwa mara ya kwanza. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameziunganisha taa zote za nyuma, kulia na kushoto, kwenye boliti moja tu ya chasisi ili umeme upate njia ya kurudi betrini, njia ambayo mafundi huiita ethi. Boliti hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Ilikuwa ndiyo ile aliyokuwa akiitikisa yule mwanachuo. Kwa kuitikisa aliipa mguso kidogo, na mguso huo ndio uliozifanya taa ziwake alasiri ile, si swichi yetu mpya. Tulipoisugua boliti na kuikaza, ugonjwa haukurudi tena. Nikaitoa swichi ya kale ndani ya saraka yangu nilikoiweka, nikaifunga: ikafanya kazi barabara. Nilipotaka kuirekebisha alama ya kijana yule, orodha ilikuwa imekwisha kufungwa na kupelekwa, naye alikuwa amekwisha kuondoka.

Swichi na kazi yake

Ili hoja ifuatwe vema, yafaa tuieleze swichi yenyewe. Katika magari ya zamani ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza huendeshwa na mafuta ya breki. Hufungwa kwenye silinda kuu, yaani masta, kama ilivyo katika Volkswagen zile za umbo la kobe, au kwenye kiungo cha mabomba ya breki, kama katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960. Dereva akikanyaga pedali, mafuta husukuma kiwambo kilicho ndani ya swichi, na kiwambo huzigusanisha ncha mbili za madini ili umeme upite. Ya pili huendeshwa na pedali yenyewe. Pedali inapokuwa imetulia huubana msumari wa swichi na kuzitenganisha ncha. Pedali inapokanyagwa, msumari huachiliwa, springi huusukuma nje, na ncha zikagusana.

Kila namna ina magonjwa yake. Swichi ya mafuta huchoka kiwambo, nazo ncha zake huungua, hata taa zikawa haziwaki mpaka dereva akanyage kwa nguvu nyingi. Yaweza pia kuvuja na kupitisha mafuta ya breki kwenye nyaya, na hapo si taa tu zilizo hatarini. Swichi ya pedali aghalabu huwa nzima ila imehama mahali pake. Kuisogeza kidogo na kuikaza nati yake kwatosha.

Kwa ajili hiyo kuibadilisha swichi ya mafuta bila sababu si kosa dogo. Anayeifungua ameufungua mfumo wa breki. Hewa yaweza kuingia, na asipotoa upepo ipasavyo pedali itakuwa laini kama sponji. Basi fundi aliyekuja kutibu taa huondoka akiwa ameziharibu breki. Yule anayekisia hapotezi tu bei ya kipuri, bali pia aweza kuleta ugonjwa mpya mahali palipokuwa na uzima.

Mantiki ya kupima

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu huleta mvua, na hapo ndipo penye kazi ya mwalimu. Taa kutowaka ni dalili. Sababu zaweza kuwa fyuzi, swichi, waya, kiungio, holda ya balbu, balbu, au ethi. Katika magari mengi ya zamani yaweza hata kuwa ufunguo haujawashwa, kwa kuwa umeme wa taa za breki hupitia hapo. Mwanafunzi asiyefunzwa huanzia pale anapopajua au pale panapofikika kwa urahisi. Mwanafunzi aliyefunzwa huuliza swali ambalo jibu lake litaondoa mashaka mengi kwa mara moja.

Hebu tuyatazame maswali hayo kwa utaratibu.

Swali la kwanza ni la macho tu: je, taa zote mbili hazikuwaka, au ni moja? Ikiwa moja yawaka na nyingine haiwaki, swichi haina hatia, maana taa zote mbili hupata umeme kutoka swichi hiyo hiyo. Kosa liko upande wa taa moja: balbu yake, holda yake, waya wake au ethi yake. Ikiwa zote mbili hazikuwaka, yaelekea kosa liko katika sehemu wanayoishirikiana, ingawa hatuna ruhusa ya kusahau kwamba balbu mbili zaweza kuungua zote, hasa ikiwa moja iliungua zamani na hakuna aliyeigundua.

Swali la pili: je, kuna kingine kisichofanya kazi? Kama vyombo vingine vinavyopata umeme kwa fyuzi ile ile navyo vimezima, hatuna haja ya kuigusa swichi. Kama taa ndogo zilizomo katika balbu zile zile za nyuma ni hafifu, basi tutazame kile kinachozihudumia taa zote mbili, yaani ethi. Hivi ndivyo alivyofikiri kijana niliyemnyima alama. Alikuwa amesimama kitambo nyuma ya gari si kwa bumbuwazi, bali kwa kuwaza.

Swali la tatu ni la kipande cha waya. Ufunguo ukiwa umewashwa, ziunganishe ncha mbili za swichi. Taa zikiwaka, njia yote toka fyuzi hadi ethi ni nzima, na kilichobaki ni swichi au kile kinachoiendesha. Zisipowaka, kosa kuu liko kwingine, na swichi iachwe mahali pake hadi kosa hilo lipatikane. Kwa tendo moja la nusu dakika, mwanafunzi ameligawa tatizo mara mbili. Kama zipo sehemu nane zenye kushukiwa, na kila kipimo kinaondoa nusu yake, vipimo vitatu vyatosha: kutoka nane hadi nne, kutoka nne hadi mbili, kutoka mbili hadi moja. Mwalimu wa hisabati na akae hapa na darasa lake.

Swali la nne linahusu hali iliyo kinyume, yaani taa zisizozima. Mwanafunzi auondoe waya mmoja wa swichi. Taa zikizima, umeme ulikuwa ukipitia swichini. Lakini je, swichi imeganda, au yatii amri? Ikiwa ni ya pedali, aiinue pedali kwa mkono ahakikishe kuwa imerudi hadi mwisho. Ikiwa ni ya mafuta, aurudishe waya, kisha akilegeze kidogo kizibo cha kutolea upepo gurudumuni. Mafuta yakiruka na taa zikazima, swichi ilikuwa ikisema kweli: breki zilikuwa zimebaki zimeshika hali dereva ameondoa mguu. Hapo taa imetufichulia ugonjwa wa breki zenyewe, na yule aliyekimbilia kubadilisha swichi angalimnyamazisha shahidi.

Hesabu na fizikia ndani yake

Wako walimu wa fizikia wanaolalamika kwamba wanafunzi huikariri Kanuni ya Ohm pasipo kuielewa. Nawashauri wachukue mfano huu. Balbu ya breki kwa kawaida ni ya wati 21 katika volti 12. Zipo mbili zilizounganishwa sambamba, kwa hiyo jumla ni wati 42, na mkondo ni ampea 3.5. Ukinzani wa kila balbu inapowaka ni 144 kugawanywa kwa 21, yaani takribani omu 6.86, zote mbili pamoja ni omu 3.43.

Sasa chukulia kwamba ncha za swichi zimeungua kidogo, zikaleta ukinzani wa omu 1 tu. Kwa hesabu nyepesi, tukiuchukulia ukinzani wa balbu kuwa haubadiliki, jumla itakuwa omu 4.43. Mkondo utashuka hadi ampea 2.71. Balbu zitapata volti 9.3 badala ya 12, na kila moja itatumia wati 12.6 tu badala ya 21. Nuru yenyewe hupungua zaidi ya hapo, kwa kuwa nyuzi ya balbu isiyopata joto la kutosha hutoa nuru kidogo sana. Na zile volti 2.7 zilizopotea zimekwenda wapi? Zimo ndani ya swichi, zikizalisha joto la wati 7.3 kwenye ncha zile zile zilizoungua, na kuziunguza zaidi. Mwanafunzi aonapo hayo huelewa kwa nini hitilafu ndogo haibaki kuwa ndogo, na kwa nini mafundi wengine huongeza rilei ili mkondo mkubwa usipite katika swichi.

Funzo jingine limo katika matumizi ya mita ya volti. Mwanafunzi huiondoa balbu, huipima holda, huona volti 12, hutangaza kwamba njia ni nzima. Amedanganyika. Mita hupitisha mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupita hata kwenye kiungio kilichooza bila kupoteza volti ya kuonekana. Kiungio hicho kikibebeshwa ampea 3.5 hushindwa. Basi kanuni ni kupima mzigo ukiwa umeungwa: balbu iwe mahali pake, breki iwe imekanyagwa, na mita ipime volti zinazopotea katika kila kiungo, hata upande wa ethi. Kama ningalipima volti kati ya holda za taa zetu na ncha ya betri iliyofungwa kwenye chasisi, mita ingalinionyesha yale aliyoyaona kijana kwa macho matupu. Na hapo mwanafunzi aonywe asiamini kwamba ncha hiyo ni hasi daima. Magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganishwa ethi kwenye ncha chanya. Aangalie kwanza, ndipo aunge.

Si fikra ngeni

Hayo ninayoyatetea si mambo mapya katika falsafa ya elimu. John Dewey wa Marekani, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, alizipambanua hatua tano za fikra ya uchunguzi: kuhisi kikwazo, kukipambanua mahali kilipo, kukisia ufumbuzi, kuyafuata kwa hoja matokeo ya kisio hilo, na mwisho kuchunguza na kujaribu ili kulikubali au kulikataa. George Pólya, katika kitabu cha How to Solve It cha mwaka 1945, aliwataka walimu wa hisabati wasiache hatua ya mwisho ya kuitazama upya kazi iliyokwisha. Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliitaka shule imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, si mtu wa kupokea tu.

Twayataja majina hayo katika mitihani ya nadharia ya elimu, na wanachuo huyaandika bila kukosea. Kisha twatoka darasani, twavuka uwanja, twaingia karakana, na huko twafundisha kana kwamba hayajapata kuandikwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliofanya hivyo. Niliruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu, kisha taa zilipowaka sikutazama nyuma. Kwamba taa ziliwaka baada ya swichi kubadilishwa haikuwa na maana kwamba ziliwaka kwa sababu swichi ilibadilishwa. Ningaliirudisha swichi ya kale siku ile ile, kazi ya dakika chache pamoja na kutoa upepo, ningaliujua ukweli wiki sita mapema.

Hoja za wenye kupinga

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni wakati. Husema kwamba muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na kufundisha uchunguzi huchukua saa nyingi kuliko kufundisha kubadilisha. Sikatai. Lakini vipuri vya kubadilisha ni vingi kuliko siku za mwaka, na hakuna chuo kitakachovimaliza. Utaratibu wa kutafuta ni mmoja; aliyeupata katika taa za breki ataupeleka kwenye honi, pampu ya maji, redio, na hata kwenye sentensi isiyoeleweka ya mwanafunzi wake.

Hoja ya pili ni vifaa na wingi wa wanafunzi. Gari ni moja, wanafunzi ni sitini. Hapo jibu ni ubao. Chukua ubao wa mbao, ufungie holda mbili za balbu, fyuzi, swichi ya pedali na nyaya, vyote vyaweza kupatikana kwa mafundi wa vyuma chakavu. Betri ikopwe garini. Nyuma ya ubao mwalimu aweza kuficha hitilafu: karatasi nyembamba kati ya ncha, balbu iliyoungua, waya uliokatika ndani ya ganda lake, kiungio cha ethi kilichopakwa rangi. Makundi sita ya watu kumi yaweza kupokezana mbao sita. Kila kundi liandike kwanza kisio na sababu yake, ndipo liruhusiwe kugusa.

Hoja ya tatu hutolewa na vijana, nayo yastahili heshima. Husema kwamba magari ya leo yana kompyuta, na kwamba chombo cha kusomea hitilafu huonyesha namba ya kosa mara moja. Ni kweli. Tena katika magari hayo swichi ya breki haiwashi taa tu. Hupeleka habari kwenye kompyuta, na katika magari mengi yenye gia za kujiendesha, gia hukataa kutoka mahali pa kuegesha mpaka kompyuta ijue kwamba breki imekanyagwa. Lakini namba ya kosa hutaja njia yenye mashaka, haitaji sababu. Ikisema kuna kosa katika njia ya swichi ya breki, haijasema kama ni swichi, waya, kiungio au ethi. Mwenye kuibadilisha swichi kwa kuwa chombo kimeitaja ni ndugu yangu kabisa: yeye aamini chombo kama mimi nilivyoiamini karatasi yangu.

Mapendekezo

Napendekeza kwa wakufunzi wenzangu mambo matatu.

La kwanza, tusitoe jaribio la vitendo lenye jibu ndani ya swali. Tusiandike “Badilisha swichi ya taa za breki.” Tuandike “Taa za breki za gari hili haziwaki. Tafuta sababu, ithibitishe, kisha itengeneze.”

La pili, karatasi ya alama ibadilike. Katika alama 20, alama 4 ziwe za kueleza dalili kwa ukamilifu, pamoja na zile ambazo swali halikuzitaja; alama 4 za kuorodhesha sababu zinazowezekana; alama 6 za mpangilio wa vipimo na sababu ya kila kimoja; alama 4 za ushahidi kwamba sababu iliyopatikana ndiyo hasa; na alama 2 za matengenezo yenyewe. Mikono haidharauliwi hapa, kwa maana mikono ndiyo ipimayo. Kinachokataliwa ni mikono inayotangulia akili.

La tatu, katika kila karatasi ya alama pawepo nafasi tupu ya kuandika jambo sahihi ambalo mtahini hakulitarajia, nalo liwe na uzito wa kumpa mtahiniwa alama zake zote. Mtahini naye ni mwanadamu, na karatasi yake yaweza kuwa na kutu kama boliti ya chasisi.

Najua kwamba pendekezo hili la mwisho litawatia wengine hofu, kwa kuwa lampunguzia mwalimu ulinzi wa kuwa na jibu tayari. Mimi nilikuwa na jibu tayari, na gharama yake aliilipa kijana wa mkaa asiyejua lolote kuhusu majaribio yetu. Mwanachuo aliyeniambia kwamba swichi haina kosa alikuwa ameyafanya kwa dakika 40 mambo yote ninayoyataka leo kwa kurasa hizi. Kama yumo kazini mahali fulani akifundisha, natumaini hafundishi kwa namna niliyomtahini.

Walimu wenzangu, kesho mtakapoingia karakana na kukuta gari lisilowaka taa, msiwape wanafunzi kipuri. Wapeni kipande cha waya, muwaulize wataanzia wapi, na msubiri.